Hakuna tembo aliyebadilika

"Mjomba, walijuaje?"

Mpwa wangu aliuliza bila kutoa macho kwenye simu. Tulikuwa tunaangalia video ya tembo wa Gorongosa, ile hifadhi ya Msumbiji, majike wakubwa kabisa wanapita na watoto wao na mdomoni hakuna pembe hata moja, na mtangazaji anasema kwa sauti ya upole kwamba baada ya miaka mingi ya kuwindwa tembo wale wamejifunza kuzaliwa bila pembe ili binadamu awaache. Mpwa wangu akaisimamisha. Walijuaje kwamba watu wanatafuta pembe? Na hata kama walijua, tembo anafanyaje ili mtoto aliye tumboni asiote?

Nilimwambia swali lake limeipita video, na nilimaanisha.

Tangu siku hiyo limenikaa. Wiki zimepita, nikiwa nasoma kitu kingine kabisa linarudi, kwa sababu nimeanza kuona kwamba karibu kila tunapoongelea mageuko tunamweka mnyama anayetaka kitu. Twiga alitaka majani ya juu. Mbu ameizoea sumu. Kimelea kimeijua dawa. Shuleni tulifundishwa uteuzi asilia, tukauandika kwenye mtihani, tukapata maksi, alafu tukatoka na picha ile ile ya mwili unaojirekebisha ukikutana na shida.

Naandika kwa sababu kile kinachotokea kweli naona kinashangaza kuliko hiyo picha. Na kinauma zaidi.

## Asilimia 18.5

Vita ya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji ilianza 1977 ikaisha 1992. Wapiganaji wa pande zote waliua tembo, pembe zinauzwa zinaleta silaha, nyama inaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gorongosa ilikuwa na tembo zaidi ya 2,500, kufika 2000 walikuwa kama 240 tu.

Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Shane Campbell-Staton ilichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science. Walichukua video za zamani, za kabla ya vita, wakahesabu majike wasio na pembe, wakaja kuhesabu na wale waliopona. Kabla ya vita wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5. Baada ya vita, asilimia 50.9.

Watu wengi wanarukia hiyo 50.9. Mimi nimekaa sana na ile ya kwanza.

Asilimia 18.5 maana yake walikuwepo! Kabla ya risasi ya kwanza ya vita ile kupigwa, karibu tembo jike mmoja kati ya watano hakuwa na pembe, anaishi zake, anachimba maji kwa shida kuliko wenzake, anabandua magome ya miti anavyoweza, hakuna anayemtungia makala. Alafu likaja jambo ambalo halikuwa na habari naye, watu wenye bunduki wanaotafuta pembe, wakampita wakaenda kwa dada yake. Watafiti walikadiria kwamba jike asiye na pembe alikuwa na nafasi ya kubaki hai kama mara tano ya mwenye pembe.

Hakuna tembo hata mmoja ambaye mwili wake ulibadilika. Mwenye pembe alikufa na pembe zake. Asiye nazo alibaki hivyo hivyo alivyozaliwa. Kilichobadilika ni hesabu ya kundi, na kundi halina mwili wa kukionyesha kwenye video.

## Waliokufa hawaonekani

Nadhani hapa ndo macho yetu yanatupotosha. Tunaangalia tembo waliopo leo tunaona wameendana na hatari iliyopita, tunajiambia lazima kuna akili iliyopanga. Ila ili kuona jambo zima ungetakiwa uone na wale 2,000 na zaidi ambao hawapo, pamoja na watoto wao ambao hawakuzaliwa kamwe. Ushahidi mwingi wa mageuko ni viumbe vilivyokufa mapema, au vilivyozaa kidogo kuliko jirani, na hao hawaachi mtu wa kuwasemea.

Mwaka 1908 watu wawili ambao hawakushirikiana, Godfrey Hardy mwanahisabati wa Uingereza na Wilhelm Weinberg daktari wa Ujerumani, walionyesha kitu ambacho kwa mara ya kwanza kinaonekana kidogo sana: kundi likiwa kubwa, watu wanazaana bila kuchaguana, hakuna anayeingia wala kutoka, hakuna jeni jipya, na hakuna aina inayokufa au kuzaa kuliko nyingine, basi uwiano wa jeni unabaki ule ule kizazi hadi kizazi. Haulegei wenyewe. Jeni la nadra halimezwi na lile lililo jingi kwa sababu tu ya kuchanganyika.

Mimi hii ilinisaidia sana. Ina maana uwiano ukihama, kuna kitu kimeusogeza, na unaweza kwenda kukitafuta. Gorongosa kitu hicho kilikuwa bunduki.

## Shaka iliyonisumbua zaidi

Sawa, wasio na pembe walikuwepo. Lakini wa kwanza kabisa je? Yule tembo wa kwanza kuzaliwa bila pembe, zamani huko, si lazima kuna kitu kilimsukuma? Labda shida yenyewe ndo inazaa mabadiliko, hata kama taratibu, hata kama kwa njia ambayo hatujaiona. Hii shaka ilinikaa muda mrefu, na sioni aibu nayo, wanasayansi wazito waliibeba kwa miaka na kwa upande wa bakteria walikuwa wengi.

Kilichonitoa hapo ni jaribio la 1943 la Salvador Luria na Max Delbrück, Mwitaliano na Mjerumani waliokimbilia Marekani.

Bakteria wakimwagiwa kirusi kinachowaua, karibu wote wanakufa ila wachache wanabaki, na watoto wa hao wachache nao wana kinga. Swali: kinga waliipata pale pale, kwa sababu wamekutana na kirusi, au walikuwa nayo tangu kabla? Kwa macho huwezi kutofautisha, maana njia zote mbili zinaishia kwenye sahani yenye bakteria wachache waliopona.

Luria alipata wazo akiwa kwenye sherehe ya chuo, anamwangalia mwenzake anacheza mashine ya kamari. Mara nyingi mashine haitoi kitu, alafu mara moja inamwaga. Akaenda kukuza bakteria kwenye vichupa vingi vidogo, kila kimoja kimeanza na bakteria wachache sana, akawaacha wakazaliana, ndo akawakutanisha na kirusi. Kama kinga inakuja kwa kukutana na kirusi basi vichupa vyote vina nafasi moja na idadi ya wanaopona inatakiwa ikaribiane. Lakini kama kinga ni kosa la kunakili DNA lililotokea wakati wanazaliana, kirusi bado hakijafika, basi kila kitu kinategemea lilitokea lini. Likitokea mapema, watoto, wajukuu na vitukuu wote wanalirithi na kichupa kinajaa wenye kinga. Likitokea mwishoni unapata wawili watatu. Lisipotokea, sifuri.

Vichupa vingi vilitoa sifuri. Vingine kimoja, vitatu, vitano. Na kimoja zaidi ya mia.

Niliposoma namba hizo nilikaa kimya kidogo. Mashine ya kamari kabisa. Kinga ilikuwa imeshazaliwa kabla ya hatari, kwenye vichupa ambavyo havikujua, wala visingeweza kujua, kwamba kirusi kinakuja. Delbrück ndiye aliyefanya hesabu kali ya jambo hili, na mwaka 1969 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Alfred Hershey kwa kazi yao ya virusi.

Niseme hili vizuri maana watu wanaliparamia. Kusema mabadiliko ya jeni hayaangalii haja hakumaanishi kila kosa lina uwezekano sawa na jingine. Kuna sehemu za DNA zinakosea zaidi, na bakteria wakibanwa na shida kasi ya makosa inaweza kupanda. Ila makosa hayo hayalengi tatizo, mengi hayafanyi lolote, mengine yanaharibu, na mara chache moja linakuta mahali linapofaa. Hata sisi kila mtoto anazaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo hayapo kwa baba wala mama. Hakuna aliyeyaagiza.

## Wale watoto wa kiume

Sasa kuna sehemu ya habari ya Gorongosa ambayo video iliiacha, na mimi naona ndo inayofuta kabisa wazo la tembo kuamua.

Madume wasio na pembe karibu hawapo. Watafiti walipofuatilia waliona alama zinaelekea kwenye kromosomu ya X, wakataja jeni linaloitwa AMELX ambalo linahusika na utengenezaji wa meno, na pembe za tembo ni meno. Jike ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na hitilafu nyingine inambeba, anaishi, anakosa pembe tu. Dume ana X moja. Akiirithi ile yenye hitilafu hazaliwi, mimba inaharibika.

Kwa hiyo mama asiye na pembe anatarajiwa kupoteza nusu ya watoto wake wa kiume kabla hawajazaliwa, na kweli walipohesabu watoto wa mama hao walikuta karibu theluthi mbili ni majike. Hii ndo bei ambayo kundi zima limekuwa likilipa ndani ya hayo mafanikio tunayoyashangilia.

Ni nani angepanga hivi?

Na ukifuata hesabu unaona kitu kingine. Kwa kuwa dume mwenye jeni hilo hazaliwi, baba siku zote anatoa X nzima, kwa hiyo kila jike asiye na pembe ana X moja ya hitilafu na moja nzima, na nusu ya mabinti zake watazaliwa na pembe kama kawaida. Kundi lote kukosa pembe haiwezekani kwa njia hii hata bunduki zikipigwa miaka mia. Na bunduki zikinyamaza uwiano lazima ushuke: kati ya majike waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni kama asilimia 33. Bado iko juu kuliko 18.5, ila imeshuka toka 50.9 na hakuna aliyewaambia tembo kwamba amani imesainiwa.

Sisi binadamu tuna deni la namna hii hii kwenye damu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba watu wenye jeni la selimundu ni wengi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, na kwenye nyanda za juu za baridi karibu hawapo. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria, na 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya jeni hilo analindwa dhidi ya malaria kali. Herufi moja tu ya DNA imebadilika, kwenye maelekezo ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nakala moja inakinga, nakala mbili ndo ugonjwa wenyewe, maumivu, kulazwa, watoto wanaozikwa. Kwenye mazingira ya malaria nyingi jeni haliwezi kuenea likamaliza kundi zima, kwa sababu ya wanaokufa na selimundu, na haliwezi kuisha, kwa sababu ya wanaokufa na malaria bila kinga hiyo. Linakaa katikati. Nawafahamu wazazi walio ndani ya hesabu hii, na kila nikisikia mtu anasema asili inachagua kilicho bora natamani akae nao jioni moja.

## Mdomo unaokwenda na kurudi

Bora kwa nani, lini, wapi?

Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walianza 1973 kwenda Daphne Major, kisiwa kidogo kikavu cha Galápagos, wakawa wanakamata ndege wa jamii ya finchi, wanawapima mdomo, wanawavisha pete, wanawaachia, mwaka baada ya mwaka kwa karibu miaka 40. Mwaka 1977 mvua ikagoma. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki zile kubwa ngumu za mmea wa jamii ya mbigili. Zaidi ya robo tatu ya finchi wa kati, spishi waliyokuwa wanaifuatilia, walikufa, na waliobaki walikuwa wenye mdomo mnene kuliko wastani, wanaoweza kupasua mbigili. Watoto wao nao wakazaliwa na midomo minene. Wastani ulisogea kama nusu milimita.

Ungeishia hapo ungesema ndege wanaelekea kwenye mdomo mnene, wanaimarika. Ila mwisho wa 1982 na 1983 yote El Niño ikamwaga mvua zisizo za kawaida, kisiwa kikajaa mimea ya mbegu ndogo, na ukame uliofuata ukawapendelea wenye mdomo mdogo. Alafu 2004 na 2005 ukaja ukame mwingine, na safari hii mdomo ukapungua, kinyume na 1977, kwa sababu finchi wakubwa, spishi nyingine, walikuwa wameshahamia kisiwani na ndo waliomaliza zile mbegu kubwa.

Ukame na ukame, majibu mawili.

Hapo ndo niliacha kabisa kufikiria ngazi, kwamba viumbe vinapanda kwenda juu. Hakuna juu. Kuna mwaka huu na mbegu zilizopo.

## Bahati nayo ina mkono

Kuna mabadiliko mengine hayana sababu hata hiyo. Rusha sarafu mara 10 unaweza kupata vichwa 8, rusha mara 10,000 utakaribia nusu kwa nusu. Kundi dogo la wanyama liko kama hizo mara 10: nani kazaa, nani kafa kwa radi, nani kakosa mwenza, vinatosha kufuta jeni zima hata kama lilikuwa zuri.

Sili-tembo wa kaskazini, wale wanyama wakubwa wa baharini wa pwani ya California na Mexico, waliwindwa kwa ajili ya mafuta mpaka mwishoni mwa karne ya 19 inakadiriwa hawakufika mia. Leo ni zaidi ya 150,000, ukiwaona ufukweni unadhani hakuna kilichowahi kuwapata. Ukisoma jeni zao unakuta wanafanana mno. Wingi umerudi, utofauti haujarudi. Duma ndo hivyo hivyo: miaka ya 1980 watafiti walihamisha vipande vya ngozi kati ya duma wasio ndugu na miili ikavipokea kana kwamba ni ya kwao.

Hili linanitia hofu kuliko mengine yote niliyoandika hapa, maana kama mabadiliko yanachukuliwa kutoka kwenye kile kilichopo tayari, kundi lililopoteza utofauti wake linaingia kwenye ukame unaofuata halina kitu mkononi. Na Mjapani Motoo Kimura alishatoa hoja tangu 1968 kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko kwenye DNA yanasambaa au kupotea kwa bahati tu, wala si kwa kufaa.

## Je, hesabu ndogo zinafika mbali?

Nusu milimita kwenda, nusu milimita kurudi. Mtu ana haki ya kuuliza spishi mpya zinatoka wapi hapo.

Ziwa Victoria lilikauka, na lilijaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, ambayo kwa historia ya dunia ni juzi. Humo ndani wanasayansi wamehesabu kama spishi 500 za furu, wale samaki wadogo, wengine wanakwangua mwani kwenye mawe, wengine wanavunja konokono, wengine wanakula samaki wenzao. Nilidhani muda huo hautoshi kabisa jeni mpya nyingi kiasi hicho kutokea, na kweli hautoshi. Utafiti wa DNA uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba mababu wa furu hawa walitokana na koo mbili za samaki zilizokuwa zimetengana muda mrefu zikaja kuchanganyika, kwa hiyo waliingia ziwani na utofauti mkubwa wa zamani ambao uligawanywa upya kwa kila kona ya ziwa. Yale yale ya asilimia 18.5.

Na mipaka kati ya spishi hizi ni laini. Jike anachagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na sehemu zenye maji machafu zaidi spishi zimeanza kuchanganyika na kufifia, juu ya pigo la sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Kilichochukua maelfu ya miaka kutengana kinaungana mbele ya macho ya mvuvi mmoja.

## Klorokwini

Nilianza na tembo kwa sababu ya mpwa wangu, ila kwangu mimi habari nzito iko kwenye malaria, maana hapa kosa la picha linagharimu maisha.

Watu wengi tunasema vimelea vya malaria viliizoea dawa ya klorokwini. Usugu ulianza Asia ya kusini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki 1978, na jeni zinaonyesha kwamba vimelea sugu vya Afrika ni wajukuu wa vile vya Asia. Havikuzoea, vilisafiri ndani ya watu. Vilikuwa na badiliko kwenye jeni la pfcrt, linalotengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa kifuko ambamo kimelea kinamengenya himoglobini, na protini hiyo iliyobadilika inaisukuma dawa nje. Kila aliyemeza klorokwini alikuwa anaua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi hivi sugu.

Mwaka 1993 Malawi ikawa nchi ya kwanza Afrika kuachana nayo, wakahamia SP, dawa nyingine ya malaria. Blantyre, vimelea vyenye alama ya usugu vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992. Mwaka 2000 asilimia 13. Mwaka 2001 havikuonekana tena. Jaribio lililochapishwa 2006 liliwapa klorokwini watoto 80, na ilishindwa kwa mmoja tu.

Ukiwa na picha ya kimelea kinachojifunza, utasema vimesahau. Watafiti wakasoma jeni zinazozunguka pfcrt ili kujua kama ni vile vile sugu vilivyorudi nyuma. Havikuwa vile vile. Vilikuwa uzao wa vile dhaifu vya tangu zamani, ambavyo klorokwini ilivipunguza sana lakini haikuvimaliza, na kwa kuwa lile badiliko la pfcrt lina gharama yake kwa kimelea, dawa ilipoondoka hao waliobaki wakazaliana kuwapita sugu.

Sasa tunategemea dawa mseto, na mantiki yake ni ya hesabu tupu. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba vimelea mabilioni, kati ya hao kumpata mmoja aliyezaliwa na kinga dhidi ya dawa moja si ajabu, kumpata mwenye kinga mbili kwa pamoja ni nadra mno. Ndo maana kugawa dozi nusu na kuacha kunatisha. Na ndo maana nilishtuka kusoma mwaka 2020 kwamba Rwanda kumepatikana vimelea vyenye badiliko kwenye jeni la kelch13 linalopunguza kasi ya artemisinini, dawa kuu ndani ya mseto huo, na safari hii hawakutoka Asia, wamezaliwa hapa hapa. Baadaye yakaripotiwa ya kaskazini mwa Uganda, na ya Kagera Tanzania. Kazi inayofanyika huko ni ya kupima damu za wagonjwa mwaka hadi mwaka na kuandika ni wangapi wana badiliko na wangapi hawana, na mimi namba ninayoifungua kwanza kila ripoti ikitoka ni ya vimelea ambavyo dawa bado inaviua, nione vimebaki kwa wingi gani.